Hatari Zinazolishana: Utangulizi wa Somo la Afya na Unyanyapaa kwa Wanaume Weusi Wapendao Wanaume Nchini Marekani

Mwaka 2006 mtafiti Gregorio Millett na wenzake watatu walichapisha katika American Journal of Public Health makala iliyogeuza mwelekeo wa somo zima. Walianza na swali ambalo kila mtaalamu wa UKIMWI nchini Marekani alikuwa akiulizwa: kwa nini wanaume Weusi wanaofanya mapenzi na wanaume wanaambukizwa VVU kwa wingi kuliko Weupe walio kama wao? Waliyakusanya majibu 12 yaliyokuwa yakitolewa makongamanoni, magazetini na mitaani, wakayapima moja moja kwa ushahidi uliokuwapo. Majibu yaliyokuwa yakishikiliwa kwa nguvu zaidi ndiyo yaliyoanguka. Wanaume Weusi hawakuwa wakifanya ngono ya hatari kuliko wengine. Hawakuwa wakitumia dawa za kulevya kuliko wengine. Kuyaficha mapenzi yao mbele ya jamaa na majirani hakukuwa sababu ya tofauti ile. Yaliyosimama ni mambo mawili ambayo hayakuwahi kupata nafasi kwenye vichwa vya habari: magonjwa mengine ya zinaa, ambayo huvifungulia VVU njia ya kuingia mwilini, yalikuwa mengi zaidi kati yao, na wengi waliokwisha kuambukizwa hawakujua, kwa kuwa walikuwa wakipimwa kwa kuchelewa.

Mwaka 2012 Millett alirudi na timu kubwa zaidi na ushahidi mpana zaidi, safari hii katika jarida la The Lancet. Walichambua tafiti 174 za Marekani, 13 za Uingereza na 7 za Canada. Nchini Marekani, uwezekano wa mwanamume Mweusi kuwa na VVU ulikuwa mara tatu ya ule wa wanaume wengine wanaofanya mapenzi na wanaume. Na huyo huyo ndiye aliyeelekea zaidi kusema kwamba anatumia njia za kujikinga. Ningependa usiipite sentensi hiyo haraka. Anayejitahidi zaidi kujikinga ndiye anayeambukizwa zaidi. Ukiielewa sababu yake, umekwisha kuingia ndani ya somo hili, na mengine yote nitakayoyaeleza hapa ni vyumba vya nyumba hiyo hiyo.

Nakukaribisha, basi, uwe mwanafunzi wa afya ya jamii, muuguzi, mshauri nasaha, mwandishi wa habari, au mtu aliyeguswa na jambo hili kwa sababu zake mwenyewe. Huhitaji hesabu ngumu. Unachohitaji ni kuwa tayari kuiacha kwa muda ile kawaida ya kutafuta kosa la mgonjwa. Hata sisi tuliosomea mambo haya kawaida hiyo imetukaa, kwa maana elimu ya afya tuliyolelewa nayo ilianza na kuishia kwenye tabia: acha hiki, tumia kile, kuwa mwaminifu. Somo hili linafundisha kwamba tabia ya mtu mmoja hueleza sehemu ndogo tu ya yale yanayompata.

Tuanze na hesabu ya mtandao, kwa sababu ndiyo inayowashangaza wengi. Wachukue wanaume wawili wa mji mmoja, Mweusi na Mweupe. Kila mmoja ana idadi ile ile ya wapenzi na anatumia kondomu kwa kiasi kile kile. Mweupe anachagua mwenzi kutoka kundi kubwa ambamo walio na VVU ni wachache, na wengi wao wako kwenye dawa. Mweusi anachagua kutoka kundi dogo, kwa kuwa miji ya Marekani bado imegawanyika kwa rangi kuanzia nyumba na shule hadi kumbi za starehe, na kwa kuwa wanaume wa rangi nyingine wengi humkataa waziwazi. Katika kundi hilo dogo virusi vimekwisha kuenea, na wengi wenye virusi hawajapata matibabu. Kosa moja la Mweusi lina uzito wa makosa mengi ya Mweupe, ingawa wote wawili wanaishi kwa namna moja.

Hapo ndipo matibabu yanapoingia. Utafiti wa Ulaya uitwao PARTNER, ambao matokeo yake kuhusu wanaume wapendanao yalichapishwa mwaka 2019, ulizifuatilia karibu jozi 800 za wapenzi, mmoja akiwa na VVU anayemeza dawa za kufubaza virusi, ARV, na mwenzake akiwa hana. Pale ambapo dawa zilikuwa zimevifubaza virusi hadi kipimo kisivione, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake kwa ngono. Kwa hiyo mtu aliye kwenye dawa anajilinda yeye na anamlinda kila anayelala naye. Tazama sasa maana yake kwa kundi lile dogo: kinga yangu inategemea bima ya afya ya mwenzangu, umbali wa kliniki yake, na namna alivyopokelewa siku ya kwanza alipokwenda kupima. Uchambuzi wa 2012 ulionyesha kwamba wanaume Weusi wenye VVU nchini Marekani hawakuwa na bima kwa kiwango cha wenzao, walielekea kidogo zaidi kuanzishiwa ARV, na wachache zaidi walikuwa wamefikia kufubaza virusi. Pia wanaume Weusi kwa jumla walikuwa na uwezekano mara mbili ya wenzao wa kukumbana na kizuizi cha kimaisha kama ukosefu wa kazi, kipato kidogo, elimu iliyokatizwa, au kifungo cha jela cha nyuma.

Ramani inaeleza mengine. Karibu nusu ya watu wanaogundulika na VVU nchini Marekani kila mwaka wako majimbo ya Kusini, yale yale yaliyojengwa juu ya mashamba ya watumwa na baadaye sheria za kuwatenga Weusi. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ilikusudia kuwaingiza watu wazima wenye kipato kidogo katika mpango wa serikali uitwao Medicaid. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba kila jimbo lijiamulie. Texas, Florida, Georgia, Alabama na Mississippi ni kati ya majimbo yaliyokataa. Kijana asiye na mtoto wala ulemavu, anayefanya kibarua cha hotelini katika jimbo kama hilo, anaweza kuwa maskini mno asiweze kununua bima, na bado asihesabiwe kuwa anastahili ya bure. Watafiti wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walipokadiria mwaka 2016 kwamba mambo yakiendelea vile, mwanamume mmoja kati ya wawili Weusi wanaofanya mapenzi na wanaume angegundulika na VVU maishani mwake, ilhali kwa Weupe ni mmoja kati ya 11, walikuwa wakipima pia maamuzi ya wabunge wa majimbo, wapende wasipende.

Hadi hapa nimezungumzia ugonjwa mmoja. Somo letu linaanza kunoga tunapokubali kwamba magonjwa hayaji peke yake. Mapema katika miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Merrill Singer alikuwa akifanya kazi na wakazi wenye asili ya Puerto Rico katika mji wa Hartford, Connecticut. Aliona kwamba dawa za kulevya, ukatili na UKIMWI havikuwa matatizo matatu yaliyokutana mtaani kwa bahati mbaya. Kila kimoja kilikuwa kikikilisha kingine, na vyote vilikuwa vikilishwa na umaskini ule ule. Hali hiyo aliiita sindemiki: maradhi mawili au zaidi yanayofungamana, yakazidishiana makali, katika jamii ambayo mpangilio wa maisha umeiweka pabaya. Neno hilo utalikuta katika karibu kila utafiti wa fani hii.

Mwaka 2003 Ron Stall na wenzake walilileta wazo hilo kwa wanaume wapendao wanaume. Walichambua majibu ya wanaume wapatao 2,900 wa New York, Chicago, Los Angeles na San Francisco, wakaangalia mambo manne: sonona, matumizi ya dawa za kulevya za aina nyingi, ukatili wa mpenzi, na kuingiliwa kingono utotoni. Aliyekuwa na tatizo moja alielekea kuwa na la pili. Na kadiri matatizo yalivyorundikana kwa mtu, ndivyo uwezekano wa kuwa na VVU ulivyopanda. Utafiti ule ulikuwa na kasoro moja kubwa kwa upande wetu: wengi wa wanaume wale walikuwa Weupe. Ilibidi wengine waje kuuliza kama mnyororo ule una pete zile zile kwa Weusi, na jibu limekuwa ndiyo kwa sehemu. Sonona ipo, ukatili upo. Lakini kwa Weusi kuna pete ambazo orodha ya kwanza haikuwa nazo kabisa: polisi, jela, kukosa makazi, ubaguzi wa rangi katika kliniki na kazini.

Mfano utasaidia. Fikiria kijana wa miaka 19 wa mji wa Kusini ambaye wazazi wamemfukuza baada ya kumkuta na barua ya mpenzi wake. Analala kwa rafiki, kisha kwa mtu mzima anayempa malazi na kutaka malipo ya mwili. Usingizi unampotea, hamu ya kula inamwisha. Sonona imeingia bila yeye kuijua kwa jina. Pombe inamsaidia kulala. Polisi wanamkamata kwa kosa dogo la barabarani, anakaa rumande siku chache, anarudi na kukuta kibarua kimechukuliwa na mwingine. Kaswende anayo lakini haimuumi. Siku anapokwenda kliniki, mhudumu anamuuliza kwa sauti, mbele ya foleni, kama yeye ni "wale". Harudi tena. Kati ya matukio hayo, ni lipi tungeliita "kihatarishi chake"? Mtafiti anayempa dodoso lenye swali moja la kondomu atapata jibu la kweli na kukosa habari yote.

Lazima niseme kwamba wazo la sindemiki limetumiwa vibaya pia. Kwa miaka mingi watafiti walihesabu tu: tatizo moja, mawili, matatu, kisha wakaonyesha kwamba mwenye matatu ana hali mbaya kuliko mwenye moja. Alexander Tsai na wenzake wamekumbusha kwa haki kwamba kujumlisha hakuthibitishi kwamba matatizo yanazidishiana nguvu. Inawezekana kila moja linaumiza kivyake na yamekaa tu jirani. Tofauti hiyo si ya wanahesabu peke yao. Kama yanazidishiana, ukitibu sonona utakuwa umepunguza na VVU. Kama hayazidishiani, unahitaji tiba ya kila moja na bajeti ya kila moja. Ukisoma makala yoyote ya fani hii, anza kwa kuuliza waandishi wamethibitisha lipi kati ya hayo mawili. Utashangaa ni wangapi hawakuuliza.

Na unyanyapaa? Wengi huanza na Erving Goffman, ambaye kitabu chake cha 1963 kiliueleza kama alama inayomharibia mtu hadhi machoni pa wengine. Ni kitabu kizuri, lakini kwa maoni yangu kilituachia mazoea ya kuitazama alama kwa huyo anayebeba na kumsahau anayeibandika. Bruce Link na Jo Phelan walirekebisha hilo mwaka 2001 walipoandika kwamba unyanyapaa haukamiliki pasipo mamlaka: mtu anaweza kunichukia, ila mpaka awe na uwezo wa kuninyima kazi, nyumba au dawa ndipo chuki yake inageuka kuwa hali ya afya yangu. Ilan Meyer naye, kuanzia miaka ya 1990, alionyesha jinsi kuishi ukitarajia kudharauliwa kunavyouchosha mwili na akili, hata siku ambayo hakuna aliyekudharau. Mtu anajichunga anavyotembea, anavyocheka, anavyomtaja mwenzake kazini. Mzigo huo hauonekani kwenye faili la hospitali, ila matunda yake yanaonekana: shinikizo la damu, usingizi mbovu, pombe, mawazo ya kujiua.

Kwa mwanamume Mweusi unyanyapaa unatoka pande zaidi ya moja, na hapa tunawashukuru wanawake Weusi kwa chombo tunachotumia. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw alieleza mwaka 1989 kwamba sheria za Marekani zilimlinda Mweusi, zikamlinda mwanamke, na bado zikamwacha nje mwanamke Mweusi aliyeonewa kwa kuwa vyote viwili kwa pamoja. Mwanasaikolojia Lisa Bowleg alilipeleka wazo hilo kwenye afya. Katika utafiti wake wa mwaka 2013 alizungumza na wanaume Weusi wa Washington wapendao wanaume, au wanaume na wanawake, na makala yake inabeba mfano wa keki: ikishachanganywa, huwezi kutenga tena viungo vyake. Wanaume wale hawakuweza kusema hapa nilionewa kwa rangi na pale kwa mapenzi yangu. Waliishi vyote kwa mkupuo mmoja. Wengi walisema pia kwamba mbele ya dunia rangi ndiyo iliyoonekana kwanza. Kuna waliosema kwamba kuishi pembezoni kuliwapa uhuru wa kujitengenezea maisha bila kufuata kigezo cha mtu. Jambo hilo la mwisho wasomaji wa haraka huliruka, na ni hasara kwao.

Ukitaka kuona jinsi taifa zima linavyoweza kukosea sababu, soma magazeti ya Marekani ya miaka 2003 na 2004. Ilizuka hadithi ya wanaume Weusi walio na wake na wachumba, wanaolala na wanaume kwa siri, ambao eti ndio walioleta VVU kwa wanawake Weusi. Kitabu kikauzwa sana, televisheni ikaichukua, na wanaume wanaopenda jinsia zote mbili wakageuzwa watuhumiwa wa janga zima. Millett na wenzake walipochunguza ushahidi hawakuupata wa kubeba tuhuma hiyo. Wanaume wenye siri hiyo wapo katika kila rangi, na waliojificha hawakuonekana kuwa na maambukizi mengi kuliko waliojitangaza. Lakini madhara yalikwisha kufanyika. Mume akiogopa kuitwa muuaji, hatakwenda kupima. Bado nina hasira na miaka ile, kwa sababu waliolipa gharama ni wanawake na wanaume wale wale ambao hadithi ilidai kuwahurumia.

Kabla ya hapo kulikuwa na ukimya. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa huu, iliyotolewa na CDC tarehe 5 Juni 1981, ilieleza vijana watano wa Los Angeles, na wote walikuwa Weupe. Picha ya ugonjwa wa Weupe ikakaa vichwani kwa miaka, huku Weusi wakifa. Mwanasayansi wa siasa Cathy Cohen ameeleza katika kitabu chake cha 1999, The Boundaries of Blackness, jinsi viongozi na vyombo vya habari vya Weusi wenyewe walivyosita kuwatetea wagonjwa hawa, kwa hofu kwamba kuwataja kungeichafua jamii nzima mbele ya Weupe. Jamii iliyopigania heshima yake kwa karne nyingi iliona baadhi ya watoto wake kama aibu ya kufichwa. Kwangu hicho ni kitabu cha kwanza cha kusoma katika fani hii, kabla hata ya takwimu.

Utasikia pia habari za Tuskegee, ambako serikali ya Marekani kati ya 1932 na 1972 iliwaacha wanaume Weusi 399 wa Alabama wateketee kwa kaswende ili ijifunze mwenendo wa ugonjwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Ni uhalifu wa kukumbukwa daima. Ila nakuonya dhidi ya kuutumia kama jibu la kila kitu. Mtu anayeogopa hospitali leo mara nyingi haogopi mambo ya 1932. Anaogopa alivyotazamwa mwezi uliopita.

Kuhusu kanisa nitakuwa mwangalifu, kwa maana wengi huandika kana kwamba kanisa la Weusi ni chanzo cha unyanyapaa na basi. Mimbari imewaumiza wengi, kweli. Mimbarini hapo hapo ndipo walipojifunza kuimba, kusoma mbele za watu na kujiona kuwa wana thamani, na wengi hawataki kuchagua kati ya imani yao na mapenzi yao. Mwaka 1989 Pernessa Seele alianzisha huko Harlem juma la maombi kwa ajili ya UKIMWI, akazivuta pamoja dini mbalimbali katika mtaa ambao ugonjwa ulikuwa ukiumaliza. Juhudi hiyo ikazaa shirika la The Balm in Gilead, ambalo baadaye lilifika kufanya kazi na taasisi za dini Tanzania. Yaliyojifunzwa Harlem kuhusu kuanzia madhabahuni yalisafiri hadi kwetu, na ni vema mwanafunzi wa Dar es Salaam ajue yalitoka wapi.

Kuna uzi mwingine wa kweli unaotufikia. Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walikuwa wakiwafuatilia tangu 2005 watu walio katika hatari kubwa ya VVU, wakiwamo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Mwezi Februari 2010 ulizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili, na umati ukaizingira kliniki yao. Huduma zilivurugika, na waliohitaji dawa walijificha. Baadaye watafiti walikaa na viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa pwani, na wahudumu 74 wakapewa mafunzo ya siku mbili. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye chuki yao dhidi ya wanaume hawa ilikuwa imepungua na ujuzi umeongezeka. Historia ya Kenya si ya Marekani, na sitaki msomaji azichanganye: huku hakuna utumwa wa rangi unaoeleza ramani ya kliniki, na sheria zetu ni nyingine. Lakini njia ya unyanyapaa kutoka mdomoni hadi kwenye damu ni ile ile, na katika mji ule ilionekana kwa macho.

Sasa turudi Marekani, maana nisingependa uondoke ukidhani somo hili ni la majeraha tu. Wanaume hawa hawakuwahi kusubiri watafiti. Joseph Beam alikusanya maandishi yao katika In the Life mwaka 1986. Alipofariki mwaka 1988 kwa maradhi ya UKIMWI, mama yake Dorothy na mshairi Essex Hemphill walikamilisha mkusanyo wa pili aliokuwa ameuanza, Brother to Brother, uliotoka 1991. Marlon Riggs alitengeneza filamu ya Tongues Untied mwaka 1989. Riggs alifariki 1994, Hemphill 1995, wote kabla dawa zenye nguvu hazijawafikia wagonjwa. Nawapa wanafunzi wangu maandishi hayo pamoja na majedwali ya takwimu, kwa sababu yalitaja upweke, ubaguzi wa vilabu vya Weupe na ukimya wa nyumbani miaka mingi kabla jarida lolote la afya halijavipa majina ya kitaalamu.

Zipo pia zile nyumba za mashindano ya kucheza na kuvaa, ambazo zilikulia Harlem na kusambaa miji mingi. Kijana aliyekataliwa kwao anapata humo "mama" na "baba" wa kuchaguliwa, jina la ukoo, na mahali pa kulala. Marlon Bailey, mtafiti aliyecheza mwenyewe katika kumbi hizo, aliziandika Detroit katika kitabu cha 2013, akaonyesha jinsi mama wa nyumba anavyowasimamia vijana wake wapime na wameze dawa, bila mradi wala posho. Ukipanga huduma bila kumuuliza mama huyo, umejenga kliniki tupu.

Na zipo huduma zilizofanikiwa. Kidonge cha kujikinga na VVU, PrEP, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012, lakini Weusi wamebaki sehemu ndogo ya wanaokitumia ikilinganishwa na uzito wa maambukizi wanaoubeba. Wengine wakasema Weusi hawakitaki. Kisha utafiti wa HPTN 073, ulioongozwa na watafiti ambao kati yao walikuwamo wanaume Weusi wapendao wanaume, uliwapokea wanaume Weusi 226 wa Washington, Los Angeles na Chapel Hill. Kila mmoja alipewa mtu wa kumsaidia kwa lile alilolitaja mwenyewe kuwa ndilo linalomkwamisha, liwe nyumba, kazi, au mwenzi anayempiga. Kidonge hakikuwa sharti. Kila mtu aliamua wakati wake. Asilimia 79 walikichukua. Dawa ilikuwa ile ile inayokataliwa kwingine. Kilichobadilika ni mapokezi.

Yamebaki mengi ya kufanya, na nataja mawili ambako tungefurahi kukuona. La kwanza ni wanaume wanaopenda jinsia zote mbili. Tafiti nyingi huwachanganya na wale wapendao wanaume pekee, ili idadi itoshe kwa hesabu, kisha matokeo huandikwa kwa jina la wote. Wachache waliowatenganisha wameona sonona na upweke wa namna yake, kwani mtu huyo huweza kukosa pa kukaa kote kuwili. Pia wana wake na watoto, na hakuna sababu ya utafiti kuwagusa hao kama wahanga tu. La pili ni uzee. Kijana aliyegundulika na VVU Atlanta mwaka 1990, akanusurika hadi dawa zile zenye nguvu zilipofika mwaka 1996, leo ana zaidi ya miaka 50. Rafiki zake wengi walizikwa. Ana shinikizo la damu, huenda na kisukari, na vidonge vya kila siku. Akianza kuhitaji wa kumwogesha au nyumba ya wazee, atalazimika kuamua kama amweleze mhudumu kuhusu mwenzi aliyeishi naye miaka 30, au aanze tena kuficha. Tafiti kuhusu watu kama yeye bado ni chache, na wenye majibu bado wako hai na wanaweza kuulizwa.